Nilitengwa kwa Sababu ya Ng'ombe

Vijana wa Nyakasimbi mnaojifunza kazi ya vivugo, hii ya kusimama na mkuki kujigamba na kusifu, mmekuja kwangu mara nyingi kuniuliza siri za kazi hii, na mara nyingi nimewajibu kwa kikohozi. Sauti imekwisha. Meno ya mbele yameondoka, na mtunzi asiye na meno ya mbele huwanyunyizia wasikilizaji mate kabla hajawafikishia neno. Kwa hiyo nimestaafu, na nimeamua kuandika, kwa kuwa kalamu haihitaji meno. Tena yamezagaa maneno kwamba zamani kanisa lilinitenga kwa ajili ya pombe. Wengine husema ni mwanamke. Pombe sijawahi kuipenda, na mwanamke nilikuwa na mmoja tu, Yulitha, ambaye mtasikia habari zake. Nilitengwa kwa sababu ya ng'ombe. Sijatubu, na anayesoma akitarajia nitatubu mwishoni aache sasa hivi akapalilie kahawa yake.

Kazi yetu haina cheo wala mshahara, basi hapo sina la kuwasimulia. Ukipewa mguu wa mbuzi, shukuru. Ukipewa sifa tupu, shukuru pia, ingawa sifa haziungwi na ndizi.

Nilizaliwa katika jamaa ya wafugaji. Baba alinikabidhi kwa Mzee Kabyemera kabla sijaota ndevu, katika miaka ile ya ishirini, Waingereza walipokuwa wamewaondoa Wajerumani na sisi bado tukichanganya majina ya mabwana zetu. Kabyemera alikuwa mtunzi mkubwa. Ujanani alisimama na mkuki mbele ya wakubwa wa nchi akajigamba hadi wakavua shuka zao wakamtupia. Nilidhani siku ya kwanza atanifundisha mistari. Badala yake alinipeleka rweya, kule kwenye majani ya wazi yanayoanzia pale vibanja vya migomba vinapoishia, akanionyesha ng'ombe mmoja mwekundu.

"Kaa na huyu mpaka wakati wa kukamua," akasema. "Ukirudi uniambie amechagua nini."

"Amechagua nini, waitu, mzee wangu? Si anakula majani tu?"

"Wewe hula chakula tu? Nenda."

Nilirudi jioni nikamweleza urefu wa pembe zake. Akanirudisha kesho yake, na siku zilizofuata, na mimi nikawa nakwenda kwa hasira. Hasira ile ndiyo iliyonifungua macho, maana mtu aliyekasirika hana la kufanya ila kutazama. Nikaona kwamba ng'ombe yule aliruka majani ya kuezekea, akatafuta yale mafupi laini yanayoota kando ya vichuguu. Nikaona ndege aliyempanda mgongoni akihama kabla ng'ombe hajageuza kichwa, kana kwamba wameambiana. Niliona ukungu wa bondeni ukipanda asubuhi ukafika magotini mwa ng'ombe, wakawa wanaelea bila miguu. Nilipomsimulia Kabyemera mambo hayo, hakunisifu. Alinipa kahawa ya kutafuna akasema sasa tunaweza kuanza.

Wakati huohuo nilikuwa nahudhuria mafundisho ya ubatizo. Asubuhi nilikariri amri za Mungu, na mchana nikakariri rangi za ng'ombe: bihogo, mwekundu wa kuiva; gaju, wa rangi ya udongo mkavu; kyasha, mwenye doa jeupe kwenye paji. Hakuna aliyeniambia kwamba masomo hayo mawili yana ugomvi. Mimi niliona mwalimu mmoja ananionyesha aliyeumba na mwingine ananionyesha alichoumba. Nikabatizwa Erasto. Kabyemera alilisikia jina hilo akatikisa kichwa, akasema ni fupi mno, haliwezi kujaza hata nusu ya mstari.

Mara yangu ya kwanza kusimama mbele ya watu ilikuwa arusini, huko Kanoni, na ilikuwa aibu. Kanoni ni nchi ya wakulima, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Mimi nikapiga mkuki chini, nikakimbia mbele na nyuma kama nilivyofundishwa, nikasifu pembe, nikasifu rweya, nikasifu maziwa. Watu wakaitikia kwa adabu. Nilipopumua, bibi wa biharusi akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Kijana, hao unaowasifu si ndio tunaowafukuza migombani kila siku?"

Walicheka mpaka wapiga ngoma wakashindwa kupiga. Njiani Kabyemera hakunigombeza. Alisema tu, "Umesifu mahali usipopajua," kisha akanirudisha Kanoni nikakae kwa baba wa biharusi msimu mzima, nibebe samadi, nichimbe, nijue kila mgomba kwa jina lake. Nilibeba samadi. Na binti mdogo wa nyumba ile, aliyekuwa akinionyesha mgomba upi ni wa kupika na upi ni wa pombe, akinicheka kila nilipokosea, ndiye Yulitha. Ndugu zangu walinuna sana kusikia nataka kuoa kwa wakulima. Niliwaacha wanune. Tulifunga ndoa kanisani, na siku hiyo nilisifu migomba, na bibi yule yule akaitikia kuliko wote.

Sasa machache ya kazi, kabla sijasahau. Usinywe maziwa kabla ya kusimama, yatakufunika koo. Tafuna kahawa iliyochumwa mbichi ikachemshwa, kisha maji. Upepo uwe mgongoni kwako. Mstari mmoja ni pumzi moja. Ukiona unahitaji mbili, kata maneno, usikate pumzi. Usitaje idadi ya ng'ombe wa mtu, taja rangi zao. Mkuki uwe mwepesi, maana utakuwa umeushika muda mrefu na hutamchoma mtu. Na mkiitwa kumsifu bahili, msikatae haraka. Niliwahi kuitwa kwa tajiri mmoja wa Kyerwa ambaye hata maji ya kunywa alikuwa akiyatoa kwa kuguna. Sikuweza kudanganya. Nilizunguka kibanja chake nikitafuta kitu, mwishowe nikaona mshambya mkubwa langoni aliouacha bila kuukata, umejaa viota. Nikausifu mti ule kwa kivuli chake na wageni wake wenye mabawa. Tajiri alifurahi mno, akidhani mti ni yeye.

Miaka ikaenda hivyo, nikizunguka kutoka Omurushaka hadi vijiji vya mpakani, Jumapili kanisani, siku nyingine arusini na misibani. Kisha akaja Mwinjilisti Filemoni.

Filemoni hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mumfikirie hivyo. Alitoka mbali, aliijua lugha yetu kwa kuisoma vitabuni, na aliletwa kuangalia usharika wetu wakati ule ambapo moto wa uamsho ulikuwa ukipita nchini. Watu walilia hadharani, wakarudisha walichoiba, walevi wakavunja mitungi. Mengi ya hayo yalikuwa mema. Lakini moto ukishika rweya hauchagui kichaka. Filemoni alisimama akahubiri kwamba kivugo ni kiburi, maana mtu anajisifu, na ni ibada ya viumbe, maana anasifu ng'ombe na vilima badala ya Mungu. Watunzi wawili niliowajua wakavunja mikuki yao mbele ya madhabahu. Mmoja wao alikuwa hodari kuliko mimi.

Nilimfuata nyumbani kwake.

"Mwinjilisti, umewahi kusikiliza kivugo?"

"Siwezi kusikiliza dhambi ili nijue kama ni dhambi, Erasto."

"Zaburi zinasifu milima, miti na wanyama. Nazo tuzifunge?"

"Zile ziliandikwa na watu wa Mungu."

"Na mimi ni wa nani?"

Akasema ataniombea. Nilimwambia asante, nami nitamwombea. Hatukuwa tunaombeana jambo moja.

Mambo yalifika kikomo Kabyemera alipofariki. Alikuwa amebatizwa uzeeni, mkongojo mkononi, na alikuwa muumini kwelikweli. Alinishika mkono kitandani akasema, "Tata, mwanangu, wakinizika waimbe nyimbo zao, ni nzuri. Lakini usiwaache wanizike kimya kama mpita njia. Ng'ombe wangu waje uani, uwataje niwasikie mara ya mwisho." Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu tangu zamani: mfugaji huagwa na ng'ombe wake, na mtunzi huwataja mmoja mmoja kwa rangi na tabia.

Nilijua nitakachopoteza. Aliyetengwa haji kwenye Meza ya Bwana, na kwangu Meza hiyo haikuwa mapambo. Tangu ubatizo sikuwahi kuukosa mkate ule hata mara moja. Hata hivyo ng'ombe wakaletwa uani, na nyimbo za kanisa zilipokwisha nikapiga mkuki chini. Filemoni aliutazama tu ule mkuki, akachukua Biblia yake akaondoka kabla sijafungua kinywa. Nikawataja wote. Nilipofika kwa bihogo ambaye marehemu alimlea kwa mkono baada ya mama yake kufa, nililia, nikaanza mstari upya.

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa juma lililofuata. Nikawekwa chini ya marudi, yaani nikatengwa. Ili nirudishwe kundini nilitakiwa nisimame mbele ya usharika wote, niseme kivugo ni dhambi, na niukabidhi mkuki.

Kanisani kwetu waliotengwa walikuwa na benchi lao, nyuma kabisa karibu na mlango. Niliwakuta pale mwanamume wa wake wawili na binti mmoja mjamzito, nikawasalimu nikaketi. Marafiki walinishauri nihamie kwa Wakatoliki, ambao walisemekana hawana haraka ya kumtenga mtu. Nikakataa. Ile ilikuwa nyumba ya Baba yangu, na yeyote aliyetaka nitoke alipaswa kunibeba, nami nilikuwa mzito. Kila Jumapili nilifika kabla ya kengele. Niliimba kwa nguvu zote, na kwa sauti niliyokuwa nayo siku hizo waliokaa mbele walisikia nyuma kuna mtu.

Kilichoniuma ni Yulitha. Mchungaji alikuwa akija mara chache, kwa kuwa alikuwa na sharika nyingi, na ndipo Chakula cha Bwana kilipotolewa. Yulitha alikwenda mbele peke yake, akapiga magoti peke yake, akarudi akitazama sakafu. Miaka ilipita hivyo. Siku moja akaweka chini kisu chake cha kumenyea ndizi akasema, "Baba Debora, maneno ni machache tu. Sema ni dhambi, moyoni ujue unachojua. Nimechoka kupiga magoti peke yangu."

"Nikisema uongo mbele ya Meza, mkate utapita wapi?"

"Sijui utapita wapi. Najua mimi nimechoka."

Nampenda mwanamke yule hadi leo, na siku hiyo nilimwonea huruma nikajionea hasira. Nikamwambia nitasimama. Akalia kwa furaha, na siku hiyohiyo akaenda kumwambia Filemoni.

Kabla ya Jumapili yenyewe nilipanda rweya kutafuta namna ya kusema maneno yale. Kilima kilikuwa kimeungua wiki zile, cheusi chote, na mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Nilitaka nijizoeze. Nilisema, "Kivugo ni," na neno la tatu likagoma. Miguuni mwangu majani mapya yalikuwa yamechomoza kwenye jivu, membamba, ya kijani kibichi, na ndama mmoja alikuwa akiyanusa akipiga chafya kwa ajili ya masizi. Kinywa changu kikaanza mstari chenyewe. Niliuacha uje, na wa pili ukaufuata, na nilipokuwa nikishuka nilikuwa nikilia na kucheka, kwa sababu nilijua sasa nitasema nini.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Mchungaji alikuwepo, meza imetandikwa kitambaa cheupe. Filemoni akaniita mbele. Nilikwenda na mkuki wangu kama nilivyoagizwa. Yulitha alikuwa ameketi benchi la tatu, amevaa gauni lake la sikukuu.

"Ndugu zangu," nikasema, "nimeambiwa nikisema kivugo namsahau Mungu. Nisikilizeni, mhukumu." Nikapiga mkuki chini.

*Mimi Asiyezibwa-kinywa, nilimwona Mchungaji akishuka rweya,*
*fimbo yake ni mvua, haijamvunja ndama mguu.*
*Bihogo humwita kwa jina, gaju amjua kwa mwayo wake,*
*kilima kilichoungua hukivika shuka mpya asubuhi.*
*Mwenye pembe iliyopinda hamfungii nje ya zizi:*
*mimi mpinda-pembe, nani atanitoa mkononi mwake?*

Kwa lugha yetu inatikisa paa. Kwa Kiswahili imepoteza pembe kidogo, mnisamehe. Sasa, ninyi mnajua, ila Filemoni hakujua, kwamba kwetu mstari wa kivugo hauachwi uanguke bila kuitikiwa. Hata adui yako akikusikia huitikia, kwa maana kunyamaza ni kama kumwacha mgeni mlangoni na mzigo kichwani. Basi nilipomaliza mstari wa kwanza kanisa zima likaitika, "Eee!" Wazee wa baraza walionitenga wakaitika. Mtunzi aliyevunja mkuki wake akaitika kwa sauti nene, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Mstari wa pili, "Eee!" Filemoni akadhani ni maasi. Alisimama uso umebadilika akapaza sauti, "Mnamwasi Mungu ndani ya nyumba yake?" Watu wakamshangaa. Walikuwa na adabu tu.

Nilimaliza. Filemoni akamgeukia mchungaji, akasema mtu huyu amedhihaki toba. Mchungaji alikuwa mzee, amechoka na safari, na nadhani hakutaka ugomvi mbele ya meza iliyokwisha kutandikwa. Akaniuliza, "Erasto, unautoa mkuki?"

"Hapana, mchungaji."

"Basi rudi ulikokuwa."

Nikarudi benchi la nyuma na mkuki wangu. Sikuthubutu kumtazama Yulitha. Nilikuwa nimemwahidi magoti mawili kando ya yake na nimemletea kivugo. Ibada ikaendelea, waliostahili wakaitwa mbele, safu baada ya safu, na nikainamisha kichwa kama ilivyokuwa desturi yangu ili nisimwone akipiga magoti peke yake.

Nikasikia benchi likilia. Binti mmoja alikuwa akisogea kumpisha mtu. Niliinua macho, Yulitha alikuwa amesimama karibu yangu. Alikuwa ametoka Mezani. Ngumi yake ilikuwa imefungwa kifuani, na akaifungua. Mkate wake ulikuwa humo, hajaula. Mbele ya kanisa zima lililokuwa limegeuka kututazama, aliumega katikati.

Filemoni akaita kutoka mbele, "Mama Debora! Huyo ametengwa!"

"Nimesikia, Mwinjilisti," akajibu bila kugeuka. "Mimi ni mwili mmoja naye. Mlituambia wenyewe siku ya ndoa." Akaniwekea nusu mkononi. "Kula, Baba Debora. Nisikupigie magoti hapa, pamebana."

Nikala. Naye akala nusu yake, akaketi.

Juma lililofuata baraza likakaa, na Yulitha naye akawekwa chini ya marudi. Jumapili yake alifika kabla ya kengele, akachagua upande wa ukutani kwa sababu mlangoni kuna upepo, akaniambia nisogee. Tulikaa kwenye benchi lile pamoja kwa miaka, na niwaambie ukweli, sijawahi kuimba vizuri kama nilivyoimba pale. Mkuki sikuutoa. Nilisema vivugo kwenye arusi, misibani na rweya, na walionitaka ninyamaze walizoea kelele zangu au walihama. Baadaye akaja mchungaji mwingine, akaondoa marudi yetu bila kutuuliza neno, na tukapiga magoti mbele pamoja, Yulitha akinishika bega ili aweze kuinuka.

Nimepokea mara nyingi tangu hapo, na sasa napokea peke yangu, kwa kuwa yeye ametangulia. Vitabu vya usharika vinasema nilirudi kundini mikononi mwa yule mchungaji mpya. Vikosee vinavyotaka. Mimi nilirudi kundini siku ile mke wangu alipoumega mkate wake.